Guangzhou hadi Yiwu kwa Treni ya Kasi: Kuchagua Treni na Kukata Tiketi

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wanaokwenda China kufuata mzigo huzunguka zaidi katika miji miwili. Guangzhou, kusini, ndiko kwenye nguo, viatu, mabegi, vipuri na simu. Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, ndiko kwenye vitu vidogo vidogo vinavyojaza maduka ya Afrika Mashariki: vibanio vya nywele, vyombo vya plastiki, maua bandia, mapambo ya sherehe, vitu vya kuchezea watoto. Soko la kimataifa la Yiwu lina vibanda zaidi ya 75,000. Mtu akiamua kusimama dakika tatu tu kwenye kila kimoja, viza yake itaisha kabla hajafika ghorofa ya mwisho.

Kati ya miji hiyo kuna reli ya karibu kilomita 1,500, kwa njia inayopitia Changsha na Nanchang. Reli ya kasi kutoka Guangzhou kwenda kaskazini ilifunguliwa mwishoni mwa 2009, na kipande cha kutoka Nanchang hadi Hangzhou, kinachopita Yiwu, kikafunguliwa Desemba 2014. Tangu hapo safari iliyokuwa ya kulala njiani inamalizika kwa saa 6 hadi 8. Ndege ipo, na angani hukaa kama saa mbili, lakini ukijumlisha njia ya kwenda uwanjani, ukaguzi na ucheleweshaji wa mara kwa mara, pengo kati yake na treni hupungua sana. Tena treni haimtoi jasho mtu kwa ajili ya kilo mbili zilizozidi kwenye begi.

Mgeni akitaka kukata tiketi, swali lake la kwanza huwa ni treni ipi inakimbia zaidi. Swali hilo halimsaidii sana, kwa sababu treni za kasi za njia hii hazipishani kwa kiasi cha kubadilisha mipango ya mtu. Yapo mawili yanayoweza kumharibia siku: stesheni ambayo treni inaondokea, na saa inayomfikisha Yiwu. Ayaamue hayo kwanza, nauli na daraja vifuate.

Stesheni kwanza

Guangzhou ina stesheni kubwa kadhaa, na zote zinabeba jina la mji. Iliyopewa jina la Guangzhou peke yake ni ile ya zamani, katikati ya mji, karibu na mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli ambako Waafrika wengi hufikia. Guangzhou East iko upande wa Tianhe. Guangzhou Baiyun ni mpya, ilifunguliwa Desemba 2023, na ndiyo iliyopokea treni nyingi za kawaida zilizokuwa zikitoka stesheni ya zamani. Guangzhou South iko mbali upande wa kusini, wilaya ya Panyu, na treni nyingi za kasi za masafa marefu huanzia huko.

Ukitafuta safari kwenye simu kwa kuandika Guangzhou tu, majibu huja yamechanganyika. Treni moja inatoka South, inayofuata inatoka Baiyun, nyingine East. Hapo ndipo watu huponzeka. Msafiri aliyelala hoteli ya Xiaobei huona stesheni ya zamani kwa dirisha la chumba chake, akaamini treni yake iko pale. Tiketi inasema Guangzhounan, yaani South, na muda wa kufika huko umeshapita.

Kwa bahati, njia ya kwenda South ni nyepesi. Treni ya chini ya ardhi, laini namba 2, inapita Sanyuanli, inapita stesheni ya zamani, na kuishia Guangzhou South bila kubadilisha. Anayetoka Xiaobei hupanda laini namba 5, kituo kimoja tu hadi stesheni ya zamani, kisha anahamia laini ya 2. Safari nzima ni kama dakika 45 hadi saa nzima, na asubuhi za siku za kazi mabehewa hujaa watu hadi mlangoni. Kwa mwenye begi kubwa, kutoka hotelini saa mbili kabla ya treni kuondoka si uoga.

Anayetua kwa ndege na kutaka kuunganisha siku hiyohiyo apige hesabu nyingine. Uwanja wa Baiyun uko kaskazini ya mji, South iko kusini, na katikati lipo jiji zima. Kutoka uwanjani ni laini namba 3 hadi Jiahewanggang, halafu laini ya 2 mpaka mwisho. Uhamiaji wenyewe unaweza kula saa nzima. Tiketi ya treni inayoondoka chini ya saa nne baada ya ndege kutua ni ya kubahatisha. Afadhali kulala Guangzhou usiku mmoja.

Kufika Yiwu saa ngapi

Soko la Yiwu hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, kwa kawaida kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni hivi. Haya ndiyo masaa ya kupangia safari. Treni inayoondoka Guangzhou saa 2 asubuhi itamfikisha msafiri Yiwu saa 9 alasiri au karibu na hapo, na akishafika hotelini wauzaji wanafunika meza zao. Ile ya saa 6 mchana itamfikisha usiku. Vyovyote vile siku hiyo haina soko, kwa hiyo hakuna haja ya kukesha ili kuwahi treni ya alfajiri kwa kudhani ataokoa kitu. Treni ya asubuhi iliyotulia, inayomfikisha jua likiwapo, ndiyo nzuri: anapata hoteli inayopokea wageni wa nje, anakula, analala, na kesho yake anaingia sokoni mapema.

Njia ya pili ni treni ya kawaida ya usiku, zile zenye namba zinazoanza na K, T au Z. Hutumia usiku kucha na pengine sehemu ya asubuhi, lakini zina vitanda, nauli yake ni nafuu, na usiku mmoja wa hoteli unaokolewa. Kuna vitanda vya daraja la kawaida, sita kwa kila chumba kisicho na mlango, na vya daraja la juu, vinne kwenye chumba chenye mlango. Kitanda cha chini ni ghali kuliko cha juu, na fedha hiyo inastahili kutolewa na yeyote mwenye magoti ya zaidi ya miaka arobaini. Kwa kijana anayebana bajeti, kwenda kwa treni ya usiku na kurudi kwa treni ya kasi ni mpango mzuri kuliko kinyume chake. Wakati wa kurudi amechoka, ana sampuli, na pengine ana miadi Guangzhou.

Herufi za mwanzo wa namba ya treni ndizo zinazoeleza kasi. G ni treni za kasi ya juu, zinazokimbia kilomita 300 hadi 350 kwa saa. D ni za kasi ya wastani, nyingi zikiishia 250. C ni za miji iliyo jirani. Kwa kulinganisha, SGR ya Dar es Salaam na Dodoma, ambayo Watanzania huiita ya mwendokasi, hufika 160, na Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa hufika 120. Aliyezoea hizo atashangazwa zaidi na utulivu wa G kuliko mbio zake. Kikombe cha chai mezani hakitikisiki.

Saa za tiketi na saa za nyumbani

Hili linaonekana dogo mpaka mtu aachwe na treni. Tiketi za China huandikwa kwa saa 24. Inayosema 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, na 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana. Mswahili anayepigiwa simu na mwenzake na kuambiwa "treni yako ni ya saa 11" lazima aulize: 11 ya kwenye tiketi au saa 11 ya kwetu? Ya kwenye tiketi ni saa tano asubuhi. Wanapokutana Mtanzania, Mkongo na dalali Mchina katika safari moja, namba zilizoandikwa kwenye karatasi humaliza ubishi. Tarehe nayo huanza na mwaka, ukafuata mwezi, halafu siku.

China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Mfumo rasmi wa tiketi hupumzika usiku wa China, kwa kawaida kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri, na Jumanne hufungwa mapema zaidi, saa 6 usiku. Ukigeuza hiyo kwa saa za Dar es Salaam au Nairobi, ni saa 2 usiku hadi saa 6 usiku. Huo ndio muda hasa ambao mwenye duka amefunga, amekula, amekaa na simu yake kutafuta tiketi. Anaona mfumo umekataa, anadhani kadi yake ina tatizo. Ajaribu asubuhi, saa za nyumbani, kabla ya kufungua duka.

Kukata tiketi yenyewe

Mfumo rasmi wa reli ya China unaitwa 12306. Una tovuti na programu ya simu, na upo kwa Kiingereza. Hautozi ada ya huduma. Ugumu wake uko mwanzoni: msafiri hujisajili kwa pasi ya kusafiria, anapakia picha yake, na kusubiri ithibitishwe. Uthibitisho huo unaweza kuchukua siku, na wakati mwingine hukwama mpaka mtu aende na pasi yake kwenye dirisha la stesheni. Kwa hiyo usajili ufanyike nyumbani, wiki kadhaa kabla ya safari. Kujisajili ukiwa hotelini Xiaobei usiku wa kuamkia safari ni kutafuta presha.

Wasiotaka usumbufu huo hutumia Trip.com, kampuni ya Kichina inayouza tiketi zilezile kwa nyongeza ya ada ya huduma. Inapokea kadi za Visa na Mastercard moja kwa moja, na hailazimishi usajili wa 12306 wenye mlolongo. Kwa anayekwenda China mara moja kwa mwaka, ada hiyo haifai kumuumiza kichwa. Anayekwenda kila baada ya miezi miwili ataiona ikijumlika, na kwake 12306 ndiyo sahihi.

Malipo ndani ya China huenda kwa Alipay au WeChat Pay, na tangu 2023 zote zinakubali kuunganishwa na kadi za nje. Kuna makato ya kujua: malipo ya kadi ya nje yakizidi yuan 200 hutozwa asilimia 3, na tiketi ya Guangzhou hadi Yiwu inazidi kiasi hicho. Jambo jingine ni benki ya nyumbani. Kadi nyingi za Afrika Mashariki hufungwa kwa manunuzi ya mtandaoni nje ya nchi mpaka mteja aombe zifunguliwe. Simu moja kwa benki kabla ya kupanda ndege inatosha.

Dirisha la stesheni bado lipo, na linapokea fedha taslimu. Andika kwenye karatasi namba ya treni, tarehe, saa, na jina la stesheni, uiweke juu ya pasi, umpe karani. Hakuna haja ya kuongea sana. Foleni huwa ndefu, lakini kwa mwenye pasi ambayo mfumo umeikataa, dirisha ndilo mkombozi.

Dalali? Wapo wanaomkatia mgeni tiketi kwa bei ya juu kidogo, na wengi ni waaminifu. Hata hivyo kuna kitanzi: mfumo hauruhusu pasi moja kuwa na tiketi mbili zinazogongana muda. Dalali akishakukatia ya "kushikilia nafasi", wewe mwenyewe hutaweza kununua nyingine ya muda huo mpaka ile ifutwe, na aliyeinunua ndiye mwenye kuifuta. Vilevile, agizo ambalo halijalipwa hujifuta baada ya dakika chache, na mtu akighairi maagizo matatu kwa siku moja, 12306 humfungia mpaka kesho yake. Anayependa kubonyeza na kughairi akilinganisha bei ajizuie.

Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na kila stesheni ina saa yake ya kufungulia. Kampuni za mtandaoni hupokea oda hata kabla ya hapo, ila hiyo ni ahadi ya kujaribu, tiketi haijapatikana bado. Siku za kawaida hakuna sababu ya kuwahi kiasi hicho, siku tatu au nne zinatosha. Msimu wa sikukuu ni habari nyingine. Mwaka Mpya wa Kichina wa 2027 unaangukia tarehe 6 Februari, na wiki za kabla na baada yake watu wa China huhama kwa mamia ya mamilioni. Viwanda navyo hufunga, hivyo mfanyabiashara hana cha kufuata. Wiki ya kwanza ya Oktoba ndiyo inayowanasa wengi, kwa sababu likizo ya taifa huanza tarehe 1, na maonyesho makubwa ya Canton Fair ya Guangzhou hufuata katikati ya mwezi huohuo. Anayewahi kufika ili apitie Yiwu kabla ya maonyesho hukuta treni zimejaa na hoteli zimepanda bei.

Daraja na siti

Treni za G zina madaraja matatu. Daraja la pili lina siti tano kwa mstari, tatu upande mmoja na mbili upande wa pili. Daraja la kwanza lina nne. Daraja la biashara lina tatu tu, na siti zake hulala zikawa kitanda, kwa nauli inayokaribia mara tatu ya daraja la pili. Nauli hupanda na kushuka kulingana na siku na saa ya treni, basi inafaa kutazama treni mbili tatu za siku moja kabla ya kulipa.

Kwa safari ya saa saba, daraja la pili linatosha kwa watu wengi, mradi siti iwe nzuri. Herufi ndizo za kuangalia: A na F ni za dirishani daima, C na D ni za kando ya njia, na B ni ya katikati, ambayo haitamaniwi na mtu. Herufi E haipo kabisa, kwa hiyo usiitafute. Mwenye mwili mkubwa au miguu mirefu achukue D au F, upande wa siti mbili. Programu humruhusu mtu kuchagua herufi, ingawa nafasi zikiwa chache mfumo humpa iliyopo.

Kuna tiketi zinazouzwa bila siti, kwa nauli ileile ya daraja la pili. Aliyenunua husimama kwenye upenyo kati ya mabehewa, au hukaa juu ya begi lake. Kutoka Guangzhou hadi Shenzhen hilo linavumilika. Hadi Yiwu ni adhabu.

Mtoto chini ya miaka 6 husafiri bure akipakatwa, mmoja kwa kila mtu mzima, lakini lazima atajwe wakati wa kukata tiketi. Wa miaka 6 hadi 14 hulipa nusu.

Siku ya safari

Tangu 2020 tiketi za China hazina karatasi. Pasi ya kusafiria ndiyo tiketi, na namba yake ndiyo inayosomwa langoni. Aliyebadilisha pasi baada ya kukata tiketi hana tiketi. Majina matatu au manne ya Kiswahili na Kiarabu, yaliyopangwa kwa mtindo usiofanana na wa China, husumbua kidogo kwenye usajili, ila kosa la herufi moja kwenye namba ndilo linalomwacha mtu nje. Anayepoteza pasi aende polisi kwanza, kwani hati yao ya kuthibitisha upotevu hutambulika kwa kukatia tiketi.

Guangzhou South ni jengo la ghorofa kadhaa. Mlangoni pasi hukaguliwa, mizigo hupita kwenye mashine, kisha msafiri huingia ukumbi wa kusubiria wenye malango marefu pande mbili. Kwenye tiketi, au kwenye ubao mkubwa, lango huandikwa namba na herufi, tuseme 12A au 12B. Herufi ni upande: A na B hushukia jukwaa lilelile, lakini kwenye ncha tofauti za treni yenye urefu wa mita 400. Aliyepangiwa behewa la 3 akishukia upande wa behewa la 16 atatembea urefu wote huo na begi lake huku saa ikikimbia.

Lango hufunguliwa kama dakika 15 kabla, na hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, mara nyingi kati ya 3 na 5. Likishafungwa, limefungwa. Hakuna "kaka nisaidie". Wachina hugusisha vitambulisho vyao kwenye mashine na kupita kwa mfululizo, na mashine nyingi hazisomi pasi za nje. Mgeni asihangaike katikati ya foleni huku watu wakimsukuma mgongoni. Pembeni huwa kuna njia ya mhudumu, anayesoma pasi kwa kifaa cha mkononi na kumwelekeza kwa kidole. Pasi ibaki mfukoni, kwa sababu huombwa tena wakati wa kutoka Yiwu.

Ndani ya treni kuna maji ya moto kwenye kila behewa, kwa hiyo majani ya chai kutoka nyumbani yana kazi. Chakula cha treni ni kidogo kwa anayechagua, na Mwislamu atapata taabu kukiamini. Xiaobei ina mikahawa ya halali iliyojaa, na wali wa kufungiwa asubuhi hufika Nanchang ukiwa bado unalika. Sigara ni marufuku kabisa, hata chooni. Moshi huwasha kengele na kuipunguzia treni mwendo, na mvutaji hupigwa faini na kuzuiwa kununua tiketi kwa siku 180.

Yiwu si mwisho wa reli. Treni nyingi zinazopita hapo zinaendelea Hangzhou au Shanghai, na husimama dakika 2 au 3 tu. Tangazo hutolewa kwa Kichina na Kiingereza. Msafiri awe amesimama mlangoni na mizigo yake dakika kumi kabla ya muda ulioandikwa, maana treni hizi zinafuata dakika. Atakayesinzia ataamkia Hangzhou.

Mizigo na sampuli

Kwa kanuni, mtu mzima anaruhusiwa kilo 20, na kwenye treni za kasi jumla ya urefu, upana na kimo cha begi isizidi sentimita 130. Kilo hazipimwi mara kwa mara. Ukubwa ndio unaosumbua, kwa sababu rafu ya juu ni nyembamba na nafasi ya mabegi mwishoni mwa behewa huwahiwa. Mifuko ya shangazi kaja hupita, lakini miwili iliyojazwa rumbesa itamfanya mwenyewe asimame nayo safari nzima.

Hatari zaidi ni kilicho ndani. Mwenye duka la vipodozi anayebeba sampuli za dawa za kupuliza nywele, rangi za kucha au manukato atafunguliwa begi, na vingine vitabaki mezani kwa wakaguzi. Visu vya jikoni navyo havipandi. Sampuli za namna hiyo zitumwe kwa kampuni ya usafirishaji wa vifurushi kwenda ghala la kontena, kazi ambayo wauzaji wa Yiwu wameizoea na huimaliza siku hiyohiyo.

Tiketi zikiisha, au mambo yakibadilika

Treni za moja kwa moja zikijaa, bado kuna milango. Orodha ya kusubiri ya 12306 hufanya kazi vizuri: msafiri hulipia kabisa, na akipatikana aliyeghairi, mfumo humpa tiketi wenyewe, la sivyo hurudishiwa fedha zote. Njia ya pili ni Jinhua, mji ulio kama kilomita 50 kabla ya Yiwu. Zipo treni zinazosimama Jinhua bila kusimama Yiwu, na kutoka Jinhua treni ya kasi hutumia kama robo saa. Ya tatu ni kununua tiketi ya mbali kuliko unakokwenda. Siti hugawanywa kwa masafa, na treni inayoonyesha imejaa hadi Yiwu inaweza kuwa na nafasi hadi Hangzhou East. Msafiri hulipa zaidi kidogo na kushuka Yiwu. Hakuna sheria inayomzuia.

Kinyume chake, yaani kununua ya karibu na kulipia nyongeza ndani ya treni, hufanyika pia, ila wakati wa msimu mhudumu anaweza kumshusha mtu stesheni iliyoandikwa kwenye tiketi yake.

Kurudisha tiketi hakuna uchungu kwa anayewahi. Siku 8 au zaidi kabla ya safari hakuna makato. Baada ya hapo, ikiwa zimebaki zaidi ya saa 48 hukatwa asilimia 5, kati ya saa 48 na 24 asilimia 10, na chini ya saa 24 asilimia 20. Kubadilisha treni huruhusiwa mara moja. Hata aliyeachwa anaweza kuomba treni nyingine ya siku hiyohiyo kama zipo siti, lakini fedha zake hazirudi tena.

Ruhusa hiyo ya kubadilisha mara moja itunzwe kwa ajili ya tiketi ya kurudi. Mazungumzo ya bei Yiwu hayana saa. Muuzaji aliyekataa Jumatatu hupiga simu Jumatano jioni akikubali, na fundi wa kuchapa nembo kwenye mifuko huomba siku moja zaidi. Mwenye tiketi ya Alhamisi mchana huisogeza hadi Ijumaa kwa simu akiwa palepale kibandani, ilimradi aifanye kabla mfumo haujafungwa usiku, na ahakikishe treni mpya inamrudisha kwenye stesheni ya Guangzhou iliyo karibu na anakolala, kwa sababu laini ya 2 nayo hufungwa kabla ya saa 6 usiku.